Monita ya Supu ya Nyama

Ukiwataka wafanyabiashara wa ujia wa nyuma wa soko la elektroniki la Yongsan kabla wateja hawajaanza kumiminika, usihangaike kugonga milango ya maduka yao. Nenda kwenye mashine ya kahawa. Mkabala na mashine hiyo kuna ubao uliolazwa juu ya makasha mawili ya kompyuta zilizokwisha kufa, na juu ya ubao huo ndipo dunia inapopangwa na kupanguliwa kila asubuhi. Kushoto hukaa Bwana Ma, muuza monita, ambaye soko zima linamwita Inchi kwa sababu hajawahi kuona skrini akaridhika na upana wake. Katikati ni Bwana Bong, au Feni, muuza kadi za grafiki za mitumba, zile zenye feni za kuzipoza, mtu mwenye maneno ya upepo kama bidhaa zake. Kulia ni Bwana Eom, muuza pawa saplai, vile visanduku vya kulisha kompyuta umeme, Wati kwa jina la kijiwe, ambaye kwake kila tatizo la hapa duniani, pamoja na la ndoa, ni upungufu wa umeme. Na pembeni kabisa, pale ubao unapoyumba, hukaa Bwana Pyo, dereva wa basi mstaafu, asiyeuza chochote. Yeye wanamwita Breki. Huja kunywa kahawa na kuwasikiliza wenzake wakibishana, kisha hurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Siku ile, kwa mara ya kwanza, Breki alikuja na shida yake mwenyewe.

— Monita ya nyumbani imekufa, alisema, na hata sarafu hajatumbukiza kwenye mashine.

— Poleni kwa msiba, akajibu Inchi, uso umemchanua. Marehemu alikuwa wa inchi ngapi?

— Kumi na saba.

— Lo! Huyo hakufa, Breki. Huyo kajiua kwa aibu.

Wenzake wakacheka. Breki hakucheka, na hapo ndipo walipoanza kumtazama vizuri.

— Ni ya Mama Se-hun, akasema. Ndiyo anayochezea karata zake.

Habari za karata za Mama Se-hun pale kijiweni zilijulikana. Mama Se-hun, mkewe Breki, na mdogo wake Suk-hui, anayeishi Mokpo kule kusini, waligombana siku ya ibada ya kumkumbuka marehemu mama yao. Chanzo kilikuwa supu. Mmoja alisema mama alikuwa akiipika kwa nyama ya ng'ombe, mwingine akasema kwa samaki mkavu, na mpaka jua linazama walishasemezana mambo ya tangu utotoni. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Lakini kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa, Mama Se-hun huwasha kompyuta akaingia mtandaoni kwenye chumba cha karata za maua, zile zenye picha za maua badala ya nambari, kwa jina la Supu ya Nyama, na humo humkuta mchezaji mmoja anayemsubiri, jina lake Samaki Mkavu. Hawaandikiani neno. Wakizidiwa sana hutumiana zile picha ndogo za kulia na kucheka zilizomo kwenye mchezo. Na ukimuuliza Mama Se-hun huyo Samaki Mkavu ni nani, atakuambia ni mtu tu, hamjui.

— Imekufa lini? Feni akauliza.

— Juzi. Tena imekufa pabaya. Mama Se-hun alikuwa anaongoza. Akasema "twende", akasema tena "twende", yaani mchezo uendelee na pointi ziongezeke, akamkausha mwenzake karata zote za maana. Pointi zikahesabiwa, kashinda. Kabla hajabonyeza kitu, giza.

— Mungu wangu, akasema Wati. Yaani kala akaondoka.

— Hakuondoka! Iliyoondoka ni monita.

— Sisi tunajua. Huko Mokpo wanajua?

Hilo ndilo lililokuwa linamla Breki. Watu wa karata za maua husamehe mengi: kuchelewa, kununa, hata kuchungulia. Lakini mtu aliyeshinda mchezo mkubwa kisha akainuka bila kumpa mwenzake nafasi ya kurudisha, huyo hasamehewi hata kwenye matanga. Kwa asubuhi mbili sasa Mama Se-hun alikuwa akimaliza vyombo, anavaa miwani, anakaa mbele ya skrini nyeusi na mikono yake mapajani. Ukimuuliza, anasema haidhuru. Breki alimwonea huruma, maana kwa miaka yote ya ndoa alishajifunza kwamba mke wake akisema haidhuru, basi imedhuru sana.

— Si achezee kwenye simu? Feni akasema.

— Neno la siri halijui. Mwanetu Se-hun ndiye aliyemfungulia, na yeye kalisahau. Limehifadhiwa humohumo kwenye kompyuta. Mtoto anataka kumletea kompyuta mpya, mama mtu kakataa katakata. Ni ileile au basi. Nisaidieni jamani, iwake leo, kesho asubuhi awe mezani.

— Mbona umeshafika! Inchi akapiga paja. Ninayo moja ya inchi thelathini na mbili, imejipinda kidogo, inakukumbatia. Shemeji atajiona yuko ndani ya karata.

— Meza yetu ndiyo hiyohiyo ya kulia chakula. Hilo dude likikaa, sisi tutakula wapi?

— Mtakula mkiitazama.

— Nyuma ya kompyuta kuna tundu la bluu, lile la waya wenye skrubu mbili pembeni. Monita yako inalo?

Inchi akapiga funda refu la kahawa.

— Siku hizi hawaliweki, akakiri.

Feni alikuwa akisubiri hapo hapo. Akasimama kabisa, kikombe mkononi, kama mtu anayetoa hotuba ya harusi.

— Sasa mtanielewa! Tatizo si monita, tatizo ni kadi ya grafiki, ile inayoipelekea skrini picha. Aliyonayo Breki ni ya enzi Se-hun hajaenda jeshini, na leo Se-hun ana mtoto wa shule. Mimi ninayo kadi ina matundu yote ya kisasa na feni tatu. Ilikuwa Incheon inachimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku, kazi inaijua.

— Yaani imechoka, akasema Wati.

— Imekomaa!

— Itaingia kwenye kasha letu? Breki akauliza. Letu ni lile jembamba, linasimama kama kitabu.

Feni akatanua mikono kuonyesha urefu wa kadi yake. Akaitazama mikono, akaisogeza karibu kidogo, kisha akaona haya akaishusha.

— Tutaliacha kasha wazi. Kwani kompyuta haipendi hewa?

— Lakini karata za maua si zinakaa tu, Breki akasema kwa upole. Hazikimbii.

— Nani kakudanganya? Zikigawiwa zinaruka! Na kwenye kadi ya zamani, karata ikiruka inaacha kivuli. Nani ajuaye Mama Se-hun kafungwa michezo mingapi kwa sababu ya kivuli? Mimi nasema huyo Samaki Mkavu ana kadi nzuri. Ndiyo siri yake.

— Mnamdanganya mzee wa watu, Wati akaingilia. Kadi ya feni tatu kwenye pawa saplai ile? Itazima kabla haijagawa. Tena nikwambie kitu, Breki, monita yako haikufa. Iliuawa.

— Na nani?

— Mna jokofu la kimchi, lile la kuhifadhia kabichi iliyochachuka?

— Nani hana?

— Basi muuaji mnaishi naye. Asubuhi, watu wote wa jengo wako macho, mashine za kufulia zinazunguka, masufuria ya umeme ya wali yanafuka mvuke, na jokofu la kimchi nalo linaanza kunguruma. Umeme ule mdogo unaobaki ndio mnaupelekea skrini. Kabichi ndiyo iliyoua monita!

— Kabichi! Inchi akakaribia kupaliwa.

— Cheka. Nampa Breki pawa saplai ya nguvu. Ila ikishaingia hiyo, mazabodi ya zamani, lile bamba kuu linalobeba vipuri vyote, haitaimudu, itabidi abadilishe mazabodi.

— Na akibadilisha mazabodi abadilishe kasha, Feni akadakia, hapo kadi yangu itaenea bila matata.

— Na nyaya za jengo lao nazo ni za zamani, Wati akaendelea, macho yanang'aa. Ningekuwa mimi, ningehama.

— Nihamie wapi? Breki akauliza.

— Songdo, ule mji mpya. Kule umeme bado mbichi.

— Na sebule za Songdo ni kubwa, Inchi akasema kwa mawazo. Huko thelathini na mbili itaonekana ndogo. Mchukulie ya arobaini na tatu.

Breki akawatazama mmoja mmoja. Alitoka nyumbani kutafuta skrini, na sasa alikuwa amehamishiwa mji mwingine na jokofu lake la kimchi limeshtakiwa kwa mauaji. Siku nyingine angelifurahia jambo hili mpaka jioni. Leo alimwona tu Mama Se-hun mbele ya lile giza, amevaa miwani.

— Si kuna kidude kidogo, akasema, upande mmoja tundu la bluu, upande mwingine la kisasa? Niliwahi kukiona. Hakizidi kidole gumba.

Wati alianza kufuta ukingo wa kikombe chake cha karatasi kwa kidole.

— Kipo, Inchi akasema mwishowe.

— Anauza nani?

— Yule wa ghorofa ya pili.

— Twende basi!

— Hatuongei naye.

— Kwa nini?

— Mambo ya kiyoyozi chake, Feni akaeleza. Kilikuwa kinamdondoshea Wati maji dukani.

— Lini hiyo?

— Ule mwaka wa joto kali.

— Na mpaka leo kinadondosha?

— Alikihamisha siku ileile, Wati akasema kwa sauti ndogo. Lakini hakuja kusema.

Kumbe muda wote huo kulikuwa na mtu amesimama mbele ya mashine, mwanamke wa makamo mwenye kibodi kwapani, anayesubiri kahawa yake ishuke. Mashine ile ikiamua kufikiri, huifikiria kahawa yako kwa kituo. Mwanamke akageuka.

— Samahanini, wazee wangu. Sikukusudia kusikiliza, ila mko mlangoni mwa kahawa. Huyo ndugu wa Mokpo, kwani hana simu?

— Anayo, Breki akasema.

— Na nambari yake mnayo?

— Ninayo.

— Sasa si apigiwe aambiwe monita imeharibika?

— Dada yangu, Inchi akasema kwa sauti ya kumwelimisha, jambo hili si jepesi hivyo.

— Uzito wake uko wapi?

Inchi akachungulia ndani ya kikombe chake. Feni, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na majibu mpaka ya vivuli, aliinama kukaza kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Wati alikuwa akitazama juu, kwenye madirisha ya ghorofa ya pili.

— Tatizo ni kwamba mke wangu hamjui huyo anayecheza naye, Breki akajaribu.

— Lakini wewe unamjua.

Mashine ikatema kikombe, mwanamke akashukuru kwa kuinamisha kichwa, akaenda zake na kibodi yake. Kijiwe kikabaki kimeinamisha vichwa kama darasa lililoulizwa nani kavunja dirisha.

Breki akatoa simu. Mama Se-hun alishamwambia zamani, ukimpigia yule utalala kwenye ngazi, na Breki ni mtu wa kutii alama za barabarani. Akabonyeza hata hivyo. Kwa kuwa sikio lake moja ni zito, simu yake huongea kwa sauti ya juu siku zote, na kijiwe kizima kikainama kusikiliza bila hata kujifanya.

— Shemeji, ni mimi, Baba Se-hun.

Kule Mokpo Suk-hui akakohoa kwanza. Kisha:

— Nani kafa?

— Monita.

— Nini?

— Monita ya kompyuta yetu. Juzi asubuhi. Ilizimika yenyewe, shemeji. Hakuna aliyeizima.

— Sasa mimi yananihusu nini hayo?

— Hayakuhusu. Nimekuambia tu.

Wakasikia sufuria ikifunikwa huko Mokpo.

— Ilizimika kabla pointi hazijahesabiwa, au baada?

Feni akambana Wati mbavu. Breki akafumba macho.

— Baada.

— Mm, Suk-hui akasema. Nimekaa pale asubuhi mbili. Nikasema haya, na huyu naye amenichoka.

Hapo sauti yake ikarudiwa na ukali wake wote.

— Mwambie huyo mtu wako, aliyeshinda ndiye anayeanza. Ndiyo sheria. Mimi nitakuwepo.

Simu ikakatwa. Inchi akainuka, akaingia dukani kwake, na humo wakasikia sauti ya mtangazaji wa besiboli ikikatika katikati ya sentensi. Alirudi amekumbatia monita nene ya zamani yenye umbo la mraba, na waya wake ukining'inia: ncha ya bluu, skrubu mbili pembeni.

— Hii inaenda na kadi uliyonayo hivyohivyo. Hubadilishi kitu.

— Inchi, hii si unatazamia mchezo? Na leo si timu yako iko uwanjani?

— Inafungwa tu hiyo timu. Chukua.

— Ya inchi ngapi vile? Feni akauliza, uovu umemrudia.

— Funga mdomo.

Breki aliibeba ile monita kwa treni ya chini ya ardhi mpaka nyumbani, ameipakata, na msichana mmoja akamwachia kiti akidhani amebeba kitu cha thamani kubwa.

Kesho yake asubuhi Inchi na Feni walikuwa kwenye ubao mapema kuliko kawaida. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka: kahawa imekwisha. Muuza vocha wa pale karibu alisema vikombe viwili vya mwisho vilichukuliwa na Wati, na alimwona akipanda navyo ngazi za ghorofa ya pili, kimoja kila mkono. Waliketi hivyohivyo, midomo mikavu, mpaka Breki alipotokea kwenye kona ya ujia. Kachelewa.

— Haya, tuambie! Inchi akamwahi. Picha ikoje? Ule wekundu wa maua umekaa sawa?

— Sijui, Breki akasema akijishusha pembeni, pale panapoyumba.

— Hujui vipi? Haikuwaka?

— Iliwaka. Subirini niwaeleze. Asubuhi nimewasha kompyuta, na mnajua inavyochelewa kuamka. Mama Se-hun kakaa, miwani kavaa. Nikamwambia, nimesikia mahali fulani eti aliyeshinda ndiye anayeanza. Akanitazama. Hakuniuliza nimesikia wapi. Kompyuta inazungusha kale kaduara kake tu. Saa yao ikafika, kaduara kanazunguka. Saa yao ikapita, kaduara bado.

— Nilisema mimi, kadi ile ya zamani, akanong'ona Feni.

— Nyamaza wewe! Endelea, Breki.

— Mama Se-hun anakunja vidole, anakunjua. Anasema, "Ataondoka huyu. Ataona simo, ataondoka." Mara kainuka, kanyakua simu yangu pale mezani, kabonyeza nambari ya juu kabisa, ile ya mwisho kupigwa. Ikapokelewa kabla haijalia mara mbili. Mama Se-hun akapiga kelele: "Ngoja! Usiondoke! Inawaka!"

Inchi akamsogelea.

— Halafu?

— Halafu ikawaka.

— Ehe! Na picha?

— Nimeshawaambia sijui. Hakuna aliyeitazama. Karata zimegawiwa ziko palepale, zamu ya Mama Se-hun inameremeta, na wao wako kwenye simu. Hata hiyo simu nimeiacha hukohuko, nimeshindwa kuwanyang'anya.

— Wanaongea nini muda wote huo?

— Supu. Mmoja analia, mwingine anapiga kelele kwamba ilikuwa nyama. Halafu wanabadilishana.

Feni akacheka mpaka ubao ukayumba. Inchi yeye alikuwa bado na kidonda chake cha kibiashara.

— Lakini hata neno moja? Hakusema chochote kuhusu monita yangu?

— Wakati natoka nilimuuliza kwa ishara, nikaonyesha skrini, je, iko sawa? Akanipungia mkono, simu iko sikioni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akasema haidhuru.

Breki akaitazama ile taa nyekundu ya mashine, akatabasamu peke yake.

— Na safari hii, jamani, haikudhuru kitu.